Mashine ya mionzi ikisogea Moshi, kumbukumbu za dozi zitakaa wapi?

Kwa miaka mingi mgonjwa wa saratani wa Kilimanjaro au Arusha aliyeandikiwa mionzi alijua kinachomngoja: kupanda basi alfajiri, kusafiri zaidi ya kilomita 500 hadi Dar es Salaam, na kutafuta ndugu wa kumpa mahali pa kulala kwa wiki tano au sita. Hospitali ya KCMC ilipofungua kituo chake cha saratani mwaka 2016, dawa za kuua seli za saratani zilianza kupatikana hapa Moshi, lakini mionzi iliendelea kufuatwa Ocean Road, taasisi ya saratani iliyoko Dar es Salaam. Ndiyo maana mpango wa kusogeza tiba ya mionzi Kaskazini umepokewa kwa shangwe, nami sina neno dhidi ya shangwe hiyo. Ninachotilia shaka ni jinsi tunavyouelewa mpango wenyewe. Tunaizungumzia mionzi kana kwamba ni upasuaji wa kidole tumbo: umelazwa, umetibiwa, umepona, umesahau. Hoja yangu ni kwamba mionzi ni tiba ambayo hesabu yake hufungwa baada ya miaka 20 au zaidi, na kwamba huduma isiyoandaa kumbukumbu na ufuatiliaji wa miaka hiyo yote itakuwa nusu ya huduma, hata ikipewa mashine mpya kuliko zote Afrika Mashariki. Jambo linaloonyesha hivyo waziwazi ni lile linalotajwa mara chache kuliko yote, yaani madhara ya mishipa ya fahamu yanayochelewa kujitokeza.

Tuangalie kwanza kinachotokea mwilini. Mionzi huua seli kwa kuharibu vinasaba vyake, na seli zinazogawanyika haraka ndizo zinazoonyesha madhara mapema. Ngozi, utando wa mdomo na utumbo ni za jamaa hiyo, na kwa sababu hiyo mgonjwa huungua ngozi, huota vidonda mdomoni au huharisha akiwa bado kwenye tiba, kisha hali hiyo hutulia ndani ya wiki chache. Mshipa wa fahamu una tabia nyingine. Seli zake hazigawanyiki, kwa hiyo jeraha lake hukaa kimya huku mambo mawili yakiendelea polepole: mishipa midogo ya damu inayoulisha huziba mmoja baada ya mwingine, na nyama inayouzunguka hugeuka kovu gumu linaloubana. Ala inayoufunika huharibika, nyuzi za ndani hukosa chakula na kufa. Safari hiyo yaweza kuchukua miezi kadhaa, miaka mitano, au zaidi ya ishirini, na mwanzo wake ni mdogo mno kiasi kwamba mwenyewe haujali: ganzi kwenye kidole gumba, kikombe kinachoponyoka. Sehemu inayoumia hutegemea mahali palipopigwa mionzi. Aliyetibiwa titi pamoja na tezi za kwapani na juu ya mtulinga huumia mkono, kwa kuwa mishipa yote ya mkono hutoka shingoni, hupita nyuma ya mtulinga na kushukia kwapani. Aliyetibiwa shingo ya kizazi, saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, anaweza kuanza kuburuta mguu, kwa sababu mishipa ya miguu hupita ndani ya nyonga. Aliyetibiwa saratani ya nyuma ya pua anaweza kupoteza nguvu za ulimi au kupata shida ya kumeza.

Suala la dozi ndilo kiini cha mambo, na nikiwaeleza watu wa huku kwetu hutumia mfano wa pombe ya mbege. Mtu anayekunywa kata moja kila jioni kwa siku 25, na mwenzake anayezimaliza kata hizo 25 kwa siku tano, wamekunywa kiasi kile kile, lakini hakuna mke wa Mchaga atakayekuambia kwamba wanaume hao wawili walirudi nyumbani katika hali moja. Mionzi hupimwa kwa grei, na kwa desturi hutolewa kwa vipande vidogo vya karibu grei 2 kila siku ya kazi. Tishu zinazochelewa kuumia, mishipa ya fahamu ikiwemo, huathirika sana kila ukubwa wa kipande unapoongezeka, hata kama jumla haikubadilika. Uti wa mgongo, kwa mfano, ukipokea grei 50 kwa vipande vya grei 2, hatari ya kupooza hukadiriwa kuwa chini ya asilimia 1. Jumla hiyo hiyo ikikatwa vipande vikubwa, makadirio hayo hayafai tena.

Ulaya walilijifunza hili kwa gharama kubwa. Mji wa Umeå nchini Uswidi, kati ya mwaka 1963 na 1965, wanawake waliofanyiwa upasuaji wa saratani ya titi walipigwa mionzi kwa vipande vikubwa, kisha wakafuatiliwa kwa zaidi ya miaka 30. Waliokuwa bado hai mwishoni mwa muda huo, wengi wao walikuwa na mkono uliopooza, na ulemavu haukusimama mahali pamoja. Uliendelea kuongezeka muongo baada ya muongo. Uingereza nako, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake walioharibika mikono baada ya tiba ya titi walikutana, wakaunda kikundi na kudai majibu, hadi chuo cha kifalme cha madaktari wa mionzi kikaagiza uchunguzi uliotolewa mwaka 1995. Ninalolikumbuka zaidi katika uchunguzi huo ni jambo dogo la mikono ya watu: sehemu ya tatizo ilihusishwa na kumhamisha mgonjwa mkao kati ya kupigwa eneo la titi na kupigwa eneo la tezi, kwa kuwa maeneo hayo mawili yaliweza kupandana na mishipa iliyokuwa kwenye mpaka kupata dozi mara mbili. Hapo mashine haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la namna mtu alivyolazwa kitandani.

Sipendi kuzungumzia jamaa zangu hadharani, lakini kisa kimoja kitatosha. Shangazi yangu, mkulima wa kahawa na ndizi huko juu, alitibiwa saratani ya titi na kumaliza mionzi yake salama. Mwaka wa tisa baadaye alianza kulalamika kwamba mkono wa kulia umechoka. Tulidhani ni uzee. Kisha akashindwa kuuinua vya kutosha kufunga kilemba, akawa anaegemeza kiwiko ukutani na kuinamisha kichwa kukifuata kitambaa. Siku moja aliondoa sufuria jikoni, akasikia harufu ya ngozi inayoungua kabla ya kusikia maumivu. Alitibiwa baridi yabisi, akatibiwa shingo, akaombewa, na hatimaye daktari mmoja katika hospitali moja ya huku akamwambia kwa upole kwamba huenda saratani imerudi na ajiandae kuanza dawa tena. Ilichukua karibu mwaka kabla ya daktari mwingine kuuliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa siku ya kwanza: “Mama, ulipigwa mionzi kiasi gani, kwa siku ngapi, na kwapa liliingizwa?” Shangazi alimpa karatasi pekee aliyokuwa nayo. Iliandikwa kwamba amemaliza mionzi, ikagongwa muhuri.

Swali lile lilikuwa na uzito kuliko vipimo vingi, kwa sababu mishipa ya kwapani inaweza kuharibiwa na saratani iliyorudi vilevile kama inavyoweza kuharibiwa na kovu la mionzi, na matibabu ya hali hizi mbili hayafanani hata kidogo. Kwa kawaida saratani hutangulia na maumivu makali, na mara nyingi hukamata sehemu ya chini ya fungu la mishipa, hivyo kiganja na kidole cha mwisho huanza kudhoofika. Kovu la mionzi huanza na ganzi na udhaifu visivyo na maumivu makubwa, mara nyingi mkono ukiwa umevimba. Kipimo cha umeme wa misuli kinaweza kuonyesha mtetemo wa pekee unaoelekeza kwenye mionzi, na picha ya MRI inaweza kuonyesha kama kuna uvimbe. Dalili hizi hazina uhakika wa asilimia 100, na mgonjwa wa kijijini hafanyiwi MRI kila anapohisi ganzi. Lakini daktari mwenye dozi mkononi ana pa kuanzia. Asiyekuwa nayo anakisia, na katika kukisia huko makosa huenda pande zote mbili: yupo anayepewa dawa kali za saratani ambayo hana, na yupo anayeambiwa ni kovu tu wakati saratani inaendelea kumla. Niongeze kwamba si kila ganzi ya aliyetibiwa saratani inatoka kwenye mionzi. Kisukari, baadhi ya dawa za saratani zenyewe na hata dawa za kifua kikuu huleta ganzi, ila hiyo kwa kawaida huanzia vidoleni pande zote mbili, miguu kwa mikono, wakati ya mionzi hufuata eneo lililotibiwa.

Zipo hoja za upande wa pili, na ya kwanza ni nzito. Madaktari kadhaa niliozungumza nao huogopa kwamba mgonjwa akiambiwa kuhusu mkono unaoweza kufa ganzi miaka kumi ijayo, atakimbia tiba itakayomwokoa mwaka huu. Hofu hii haikutoka hewani. Sisi wa Kaskazini tuliona mwaka 2011 magari yakipanga foleni ya kilomita nyingi kuelekea Samunge, Loliondo, watu wenye kisukari, saratani na virusi vya Ukimwi wakienda kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500, na wapo walioziacha dawa zao. Mtu anayejua historia hiyo hawezi kumlaumu daktari anayechagua maneno. Hata hivyo naona hesabu yake ina upungufu. Daktari anapima woga wa mgonjwa aliye mbele yake, na hapimi woga wa majirani watakaouona mkono uliopooza bila maelezo. Mkono wa shangazi yangu ulionekana kila Jumapili kanisani. Kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemwandaa, maelezo yaliyoenea ni yale ya mtaani, kwamba mionzi inaunguza watu kwa ndani, na najua angalau mama mmoja wa jumuiya hiyo hiyo ambaye alichelewa kwenda kupigwa mionzi kwa sababu hiyo. Mgonjwa aliyeambiwa tangu mwanzo kwamba hatari ipo, kwamba kwa dozi za leo ni ndogo, na kwamba kuiacha saratani ni hatari kubwa kuliko hiyo kwa mbali, angekuwa shahidi mzuri wa tiba pale kanisani.

Hoja ya pili husemwa kwa sauti ya chini: kwamba wagonjwa wetu wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekomaa, hawaishi miaka ya kutosha kuyaona madhara haya, na kwa hiyo fedha ya kufuatilia watu kwa miaka 20 ingenunua dawa za walio kitandani leo. Kama hoja ya bajeti inaeleweka. Lakini ni hoja inayojila yenyewe, kwa kuwa lengo la kuleta mashine karibu ni kuwafanya watu wafike mapema na waishi zaidi. Kila mafanikio ya kituo yataongeza idadi ya watu wanaofika mwaka wa kumi. Kituo kinachopanga bajeti kwa kudhani wagonjwa wake watakufa hakiamini kazi yake.

Dhaifu kuliko zote ni hoja ya tatu, ambayo ndiyo inayopendwa zaidi kwenye hotuba: kwamba mashine mpya zimelimaliza tatizo hili, na habari za mikono iliyopooza ni za zama za kobalti, yaani mashine za mionzi za kizazi cha zamani. Ina ukweli ndani yake. Kwa mipango ya kisasa inayotumia picha za CT, na dozi zinazoheshimu mipaka ya mishipa, madhara ya mkono baada ya tiba ya titi yamekuwa nadra. Lakini hoja hii inasahau mambo matatu, na kila moja linatosha kuiangusha. Watu waliotibiwa kwa kobalti bado tunao. Wako Machame, wako Karatu, wako Same, na saa ya mishipa yao ilianza kuhesabu siku ile waliyotibiwa, si siku mashine mpya ilipofunguliwa sanduku. Pia mashine haipangi dozi. Dozi hupangwa na daktari na mtaalamu wa fizikia tiba, na mgonjwa hulazwa na mtu mwenye mikono, na Uingereza walituonyesha kwamba mikono hiyo hiyo inaweza kupandanisha maeneo. Tena mgonjwa ambaye saratani yake imerudi mahali pale pale anaweza kuhitaji kupigwa mionzi mara ya pili, na hapo dozi ya zamani isiyojulikana huwa hatari kuliko mashine yoyote mbovu, kwani mishipa ya fahamu haisahau ilichokwisha pokea.

Hapa ndipo linapoingia suala ambalo Kaskazini litatufikia haraka. Duniani sasa kuna mwelekeo wa kupunguza siku za mionzi ya titi. Waingereza walikwisha kuhama kutoka grei 50 kwa vipindi 25 kwenda grei 40 kwa vipindi 15, na mwaka 2020 yakachapishwa matokeo ya utafiti wa FAST-Forward, uliohusisha wanawake zaidi ya 4,000 na kuonyesha kwamba grei 26 kwa vipindi vitano ndani ya wiki moja zilidhibiti saratani vizuri kama ile ratiba ya wiki tatu katika miaka mitano ya ufuatiliaji. Kwa mama wa Loliondo au Simanjiro, tofauti ya wiki moja na wiki tano ni tofauti ya kutibiwa na kutotibiwa, na mtu atakayepinga mwelekeo huu kwa sababu tu vipande vikubwa viliwahi kuumiza Umeå atakuwa hajasoma hesabu: vipande vimekuwa vikubwa, lakini jumla imeshushwa kwa makusudi ili mishipa isizidiwe. Mimi nauunga mkono. Ila kundi kuu la utafiti ule lilipigwa mionzi kwenye titi au ukuta wa kifua bila kuingiza tezi, ilhali wanawake wetu wengi huja wakiwa na tezi zilizokwisha shikwa, na mionzi yao hulazimika kupanda hadi juu ya mtulinga, njia ile ile inayopitwa na mishipa ya mkono. Na miaka mitano, kwa mshipa wa fahamu, ni asubuhi. Kwa hiyo kituo kitakachotumia ratiba fupi Kaskazini kitakuwa kinafanya jambo la busara na la huruma ambalo majibu yake kamili yatapatikana kwa kuwafuatilia wagonjwa wake chenyewe. Kikiwafuatilia, kitakuwa na la kuifundisha dunia. Kisipowafuatilia, hatutajua kamwe kama tuliwatendea haki.

Gharama ya ufuatiliaji huo ni ndogo kuliko inavyohofiwa. Ganzi ikishaanza hakuna dawa inayorudisha mshipa. Hewa ya oksijeni ya mgandamizo imejaribiwa, na dawa kadhaa za kulainisha kovu zimejaribiwa, bila ushahidi wa kuridhisha. Kinachobaki ni kutuliza maumivu kwa dawa za bei nafuu kama amitriptilini, mazoezi ya kulinda bega lisigande, kifaa cha kushikilia kifundo cha mkono, na kumfundisha mgonjwa kuulinda mkono usiosikia moto. Haya yote Moshi inayo kuliko miji mingi ya nchi hii. KCMC ina chuo cha fiziotherapia, na TATCOT, iliyopo hapo hapo tangu mwaka 1981, hufundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi kutoka nchi nyingi za Afrika. Kinachohitajika ni kwamba mtu wa mionzi na mtu wa mazoezi, ambao hula chakula cha mchana katika kantini moja, wawe na mgonjwa mmoja anayepelekwa kutoka kwa huyu hadi kwa yule bila kusubiri mkono ufe kwanza.

Na kinahitajika kipande cha karatasi ngumu. Kiandikwe sehemu ya mwili iliyopigwa mionzi, jumla ya grei, idadi ya vipindi, tarehe ya kwanza na ya mwisho, kama tezi ziliingizwa, na dawa za saratani zilizotolewa pamoja. Nakala moja ibaki kituoni na nyingine apewe mgonjwa, kwa Kiswahili ambacho mganga wa zahanati ya kijijini anaweza kukisoma. Wapo wanaosema watu wetu hawatunzi karatasi. Shangazi yangu anayo hadi leo kadi ya kliniki ya mtoto wake wa kwanza, aliyezaliwa mwaka 1984, ndani ya mfuko wa nailoni chini ya godoro, uzito wa kila mwezi ukiwa umeandikwa kwa kalamu ya bluu iliyofifia. Aliitoa kwa mkono wa kushoto alipokuwa akitafuta ile karatasi yenye muhuri.